Bunduki Isemwayo Haina Kitu

Huko Marekani, msomaji, kuna maonyesho ya silaha, kama sisi tulivyo na maonyesho ya kilimo na mifugo. Watu hukodi ukumbi mkubwa, mara nyingi katika viwanja vile vile vya kuonyeshea ng'ombe na mahindi, wakapanga meza safu kwa safu, na juu yake wakatandaza bunduki, bastola, visu na masanduku ya risasi. Mnunuzi hulipa kiingilio, akapita akiinua hii na kuiweka ile. Wengine huja na silaha zao wenyewe ili waziuze. Ni soko, na lina kelele za soko.

Mlangoni huwapo askari au mtumishi ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna silaha iingiayo ikiwa na risasi. Huifungua, huitazama ndani, kisha aghalabu huifunga kwa kamba ya plastiki isiweze kufyatuka. Ungedhani kwamba mahali palindwapo hivyo, penye watu waliozoea bunduki tangu utotoni, ni salama kuliko pengine pote.

Tarehe 19 Januari 2013 wapenzi wa silaha katika nchi ile walijitangazia siku ya kuienzi bunduki. Siku hiyo hiyo, katika mji wa Raleigh, jimbo la North Carolina, mtu mmoja alifika mlangoni na bunduki ya marisau ndani ya mfuko wake. Akauweka mezani, akaanza kuvuta zipu ili ikaguliwe. Bunduki ikalia, na marisau yakawapata watu watatu. Huko Medina, jimbo la Ohio, mfanyabiashara alikuwa akiichunguza bastola aliyoinunua. Risasi ikatoka, ikamjeruhi rafikiye. Na mjini Indianapolis mtu aliyekuwa akiondoka katika maonyesho alitia risasi katika bastola yake, akajipiga mkononi. Majeruhi watano kwa siku moja. Ashukuriwe Mungu, hakufa mtu.

Yafaa tukae kidogo na ile bastola ya Medina, kwani magazini yake ilikuwa imekwisha kuchomolewa. Magazini ni kile kibweta cha risasi kichomekwacho ndani ya mpini. Springi iliyo chini yake huzisukuma risasi juu, na sehemu ya juu ya bastola ikivutwa nyuma na kuachiwa, huichukua moja na kuiingiza katika chemba, yaani chumba kidogo mwanzoni mwa mtutu. Basi ukichomoa magazini umeondoa zote isipokuwa ile iliyokwisha kuingia, nayo haionekani kwa urahisi. Jicho laona tundu tupu chini ya mpini, na akili yasema: haina kitu. Katika bastola nyingi risasi hiyo moja hulia vile vile, ijapokuwa magazini imelala mezani. Aliye hatarini zaidi ni yule ageuzaye utaratibu: huvuta kwanza, risasi ya chembani ikaruka nje naye akaridhika, kumbe aachiapo, magazini iliyo bado mahali pake humpakilia nyingine.

Wazee wetu husema ajali haina kinga. Mimi nawaheshimu wazee, lakini hapa sikubaliani nao. Ziko bunduki zilizochakaa ambazo hulia zenyewe zikianguka, na hizo tuziite ajali. Bali ile iliyovutwa na kidole cha mtu ambaye hakutazama chembani, hata walimu wengi wa silaha huko Marekani wamekataa kuiita ajali. Wao huiita uzembe. Nami naona jina hilo ndilo la haki, hasa mbele ya aliyejeruhiwa.

Mmoja wa walimu hao alikuwa Jeff Cooper, aliyepata kuwa askari, akafungua chuo cha silaha katika jimbo la Arizona mwaka 1976. Kanuni zake ni nne: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka umekwisha kulenga, na uijue shabaha yako pamoja na kilicho nyuma yake. Tazama jinsi zinavyosaidiana. Mtu aweza kusahau risasi chembani, lakini mtutu ukielekea mahali pasipo na mtu, kusahau kwake hakumjeruhi yeyote.

Wewe na mimi huenda tusiingie kamwe katika maonyesho kama hayo; hapa Kenya hakuna raia aruhusiwaye kushika bunduki bila ya kibali. Hata hivyo twapita kila siku mbele ya askari polisi waliosimama milangoni pa benki, na mimi hutazama mtutu wa askari umeelekea wapi.

Katika kambi nyingi za majeshi duniani huwekwa pipa lililojaa mchanga karibu na lango. Askari arudipo kutoka zamu huelekeza mtutu ndani ya pipa hilo kwanza, kisha ndipo hutoa risasi. Pipa na mchanga si vitu vya gharama. Mtu wa Raleigh aliweka mfuko wake juu ya meza tu, na mbele ya mtutu walikuwapo watu.