Shati la Shituru

Mwaka 1990 nilikuwa mshika saa wa shindano la hotuba shuleni kwetu Likasi, Kongo. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kugonga kengele msemaji akifikisha dakika tano. Nilikaa chini ya jukwaa, karibu na wasemaji kuliko waamuzi wenyewe.

Zilikuwa zimepita wiki chache tangu Rais Mobutu ahutubie N'Sele, tarehe 24 Aprili, akatangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja huku machozi yakimtoka. Wavulana wetu walikuwa wameikariri hotuba ile pamoja na vituo vyake, na wawili walitoa leso kama yeye. Walipigiwa makofi, lakini mimi niliyewatazama machoni niliona wanatafuta sentensi inayofuata.

Mada ilikuwa mji wetu. Karibu wote walianza na Jean Jadot, Mbelgiji ambaye mji ulibeba jina lake, Jadotville, hadi 1966. Zikaja kampuni za migodi, Union Minière kisha Gécamines, na tani za shaba. Kifaransa chao kilikuwa safi. Kengele yangu iliwakuta wengi bado wako njiani.

Kisha akapanda msichana wa mtaa wa Kikula. Alishika shati la kazi la baba yake, mfanyakazi wa kiwanda cha Shituru. Alilikunjua mbele ya kifua, akanyamaza mpaka benchi la mwisho nalo likanyamaza. Shati lilikuwa limetobolewa na asidi, ile inayotumika kuitoa shaba kwenye mawe yake, na kila tundu lilikuwa na kiraka cha rangi tofauti. Akatuonyesha kiraka kimoja kimoja: hiki mama alikishona usiku wa kuamkia mtihani wangu, hiki mwezi ule posho ilipochelewa. Akasema babu yake aliletwa na Union Minière kutoka eneo la Kasai, na kwamba yeye mwenyewe Kasai hajawahi kufika. Mwisho aliacha Kifaransa, akatamka kwa Kiswahili maneno ambayo mama yake humwambia mumewe akimaliza kushona: "Vaa, baba. Kesho iko kazi." Akashuka. Kengele sikuigusa.

Mwamuzi mmoja alitaka kumkata alama kwa sababu ya Kiswahili kile. Mwalimu mzee wa Kifaransa alikataa katakata. Alisema mama yule haongei Kifaransa jikoni kwake. Binti angetafsiri, tungemsikia mtafsiri, mama tusingemsikia. Msichana akapewa nafasi ya kwanza. Tangu siku hiyo, nikiitwa kuamua mashindano, namsikiliza kwanza mtoto aliyeleta kitu anachokijua yeye kuliko sisi sote ukumbini. Sauti na mikono hufundishika baadaye.

Miaka miwili ikapita. Kwenye mikutano ya siasa neno moja lilitosha kuwasimamisha watu: bilulu, wadudu, ndivyo walivyoitwa wenye asili ya Kasai. Nalo lilipigiwa makofi, makubwa kuliko yote niliyoyasikia shuleni. Watu walifukuzwa makazini na majumbani, na maelfu wakalala kwenye kituo cha treni cha Likasi wakingoja mabehewa. Nilipeleka bukari, ugali wetu, kwa wenzangu niliosoma nao. Nilimkuta yule msichana wa shati kando ya reli, na wadogo zake, na mafurushi.

Walipata behewa. Wakaenda Kasai, alikokuwa hajawahi kufika.