Kiwavi mwenye pembe

Ukivuka Likoni, msomaji, usiishie kwenye mchanga wa Diani; shika barabara ya Lunga Lunga hadi Msambweni ukachungulie milimau. Kiwavi wa mti huo akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, na ndege humpita. Akikua huwa kijani chenye mabaka ya kahawia. Mguse kwa kijiti: pembe laini ya rangi ya machungwa, yenye panda mbili, huchomoza nyuma ya kichwa na kutoa harufu kali. Kamera iwe tayari, maana hurudi ndani upesi.

Nikimpiga picha wangu, mzee mwenye shamba alikuwa keshavua ndara amponde. Si bure, miche yake imebaki vijiti. Tukapatana: wa kwenye miche wafe, huyu wa mti mkubwa abaki, awe kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano.