Mashimo Manne

Leo nina kisa cha pikapu ya Mzee. Hakina kompyuta ndani yake, ila watu wa kazi yangu watakielewa upesi.

Mzee anaishi Murang'a, na kama umefika huko unajua uwanja tambarare ni wa kutafuta. Pikapu huegeshwa pua ikitazama bondeni. Ndani ya bodi kuna ile plastiki ngumu nyeusi ya kukinga rangi isikwaruzwe na mizigo. Mvua ikinyesha, maji yanakimbilia mbele, pale nyuma ya kebini, na huko plastiki haina pa kuyatolea. Hebu piga hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bodi yetu ni kama mita 3 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 huleta lita 60, yaani kilo 60. Mzee alikuwa akiyachota kwa kopo asubuhi kabla ya kupakia maziwa.

Novemba 2023, wakati wa zile mvua za El Niño, gunia la kilo 70 la chakula cha ng'ombe lililala ndani ya maji hayo likaharibika lote. Mzee akanipigia simu. "Si wewe ndiye injinia wa nyumba hii?" Digrii yangu ni ya sayansi ya kompyuta, lakini kwa Mzee kitu chochote kinachotumia umeme au kuvuja ni changu.

Jumamosi nikaazima drili kwa jirani, nikatoboa mashimo manne pale maji yanaposimama. Kazi ya dakika kumi. Nikamwaga ndoo nzima ya maji, yakatoweka. Nikapewa chai na mandazi, nikarudi Nairobi najiona shujaa.

Sikujiuliza yametoweka yakaenda wapi.

Aprili 2025 taa ya nyuma ilikataa kuwaka, tukaenda kwa fundi wa jua kali. Ili apitishe waya akaing'oa ile plastiki. Chini yake kulikuwa na tope la pumba, udongo mwekundu na chembe za mbolea. Bodi yenyewe ina matundu yake ya kutolea maji, lakini yalikuwa yamezibwa na tope hilo. Kumbe maji yangu yalikuwa yakishuka na kukaa pale gizani, hakuna upepo wala jua la kuyakausha, tena yamechanganyika na chumvi ya mbolea, ambayo huharakisha kutu. Na gari likitembea plastiki hucheza, ikisugua rangi.

Lakini kilichonimaliza ni madoa manne ya kutu, ya mviringo, yamepangwa mstari mmoja. Ncha ya drili ilikuwa imepita plastiki ikala rangi mpaka chuma. Mawili yalikuwa yameshatoboka kabisa, unaona ardhi.

Fundi akauliza, "Nani alitoboa hapa?"

"Ni mambo ya zamani," Mzee akajibu haraka. Hakunitazama.

Afadhali angenifokea. Kazini nimewahi kufanya yaleyale: ujumbe wa kosa unawasumbua wateja, unauzima, simu zinaacha kulia, unasema umemaliza. Miezi baadaye unakuta rekodi zimeharibika na hujui tangu lini. Mzee angalau alipokuwa akichota maji kwa kopo, aliyaona.

Fundi alisugua kutu, akachomelea viraka viwili, akapaka rangi ya kuzuia kutu na nyingine juu yake. Nililipa mimi, na gharama ilizidi bei ya lile gunia kwa mbali. Plastiki tuliirudisha juu ya vipande vya mpira wa tairi vilivyolazwa kwa urefu wa bodi, ili maji na hewa vipite chini yake. Mashimo yangu mawili tuliyaziba. Mengine mawili nimeyaunganisha kwa kipande cha mpira wa maji hadi kwenye matundu ya bodi, maji yashuke moja kwa moja mpaka chini ya gari.

Tumekubaliana pia gari liegeshwe pua ikitazama mlimani, ili maji yatokee upande wa mlango wa nyuma. Mzee husahau. Mama ndiye hutoka na mwavuli kumkumbusha, na mimi kila nikienda nyumbani hulala chini ya gari na kuchokoa yale matundu kwa waya kabla sijaingia kusalimia.