Saint Paul: Mji wa Timu Iliyoshindwa Mara 50

Mji wa Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, umekaa kando ya mto Mississippi, kaskazini mwa Marekani. Nilifika huko mwezi wa Oktoba kumzuru dada yangu, wakati majani ya miti yanapogeuka manjano na mekundu kabla ya kudondoka. Kwa sisi tuliozoea minazi isiyobadilika mwaka mzima, ni mandhari ya kustaajabisha. Baridi nayo haina simile: nilivaa buibui juu ya sweta mbili na bado nikatetemeka. Hata hivyo sikujiona mgeni kabisa. Wasomali ni wengi katika jimbo hilo, misikiti ipo, na sambusa na chai ya maziwa hazikosekani.

Lakini nilikuwa nimesafiri na mzigo usioonekana. Mwanangu wa pili hakufaulu mtihani wa kidato cha nne, na tangu matokeo yatoke, kila nilipoulizwa habari zake nilijibu, “Anajiandaa,” kisha nikageuza mazungumzo. Naye alilisikia jibu hilo kutoka chumbani mwake, ambamo alikuwa hatoki ila kwa kula na kuswali.

Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, dada alinichukua hadi Chuo cha Macalester. Ni chuo kidogo, kilichoasisiwa mwaka 1874, chenye wanafunzi wapatao 2,000. Bendera ya Umoja wa Mataifa hupepea hapo tangu mwaka 1950, na ndipo alipohitimu marehemu Kofi Annan mwaka 1961, yule aliyekuja kwetu mwaka 2008 kuwapatanisha viongozi nchi ilipokuwa ikiungua. Mwenyewe alipenda kusimulia jinsi alivyokataa kuvaa viziba masikio vya baridi kwa kuviona havipendezi, hata masikio yalipokaribia kuganda akaenda kununua vikubwa kuliko vyote.

Tulikuwa tumekwenda kutazama mchezo ambao Wamarekani huuita futiboli, nao si huu wetu. Mpira wake una umbo la papai dogo, na aghalabu huchukuliwa mikononi. Kila upande una watu 11, wamevaa kofia ngumu na mabega yaliyojazwa kinga. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikishindwa, huwaachia wapinzani. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja ni pointi 6. Kuupiga kwa mguu ukapita katikati ya nguzo ni pointi 3.

Dada, aliyeishi huko miaka mingi, alinisimulia habari ambayo wenyeji wa mji huo hawaifichi. Kuanzia mwaka 1974 timu ya Macalester ilishindwa mchezo baada ya mchezo, msimu baada ya msimu, hadi ikatimiza michezo 50 mfululizo. Mwaka 1977 ilifungwa 97 kwa 6 na Chuo cha Concordia cha Moorhead. Katika daraja la vyuo kama hiki hakuna mchezaji anayelipiwa karo kwa ajili ya mpira. Vijana wale wangeweza kuvua jezi na kurudi maktabani, wala wasipoteze hata senti. Wengine walihitimu bila kuonja ushindi hata mmoja. Kisha mwezi wa Septemba mwaka 1980, dhidi ya Mount Senario kutoka Wisconsin, mchezaji mmoja aliupiga mpira ukapita katikati ya nguzo katika sekunde za mwisho. Macalester 17, wageni 14.

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo twaitamka upesi kwa watoto wa wenzetu. Nilipokuwa nikisikiliza hesabu ya zile 50, nilijiuliza ni nani aliyekuwa akiketi jukwaani siku ya mchezo wa 30, au wa 40.

Jibu nililipata ubavuni pangu. Siku hiyo pia wenyeji walizidiwa mapema, na pembeni yetu aliketi mama mmoja mtu mzima, amejifunika blanketi, kifuani ana namba ya jezi ya mwanawe. Mwanawe huyo alikuwa hajaingizwa uwanjani hata mara moja. Dada alimwuliza kwa upole kama hachoki kuja kutazama kushindwa. Alicheka kidogo, akasema kwamba kijana wake hugeuka kutazama jukwaani kila mara.

“Akinitafuta, anione,” alisema.

Niliinamisha macho. Mama yule aliivaa namba ya mwanawe mbele ya umma, siku ya kushindwa, na mimi jina la wangu nilikuwa nikilifunika kwa neno moja la uongo.

Usiku wa saa nne, ambao kwetu Mombasa ni saa kumi na mbili asubuhi, nilimpigia simu. Alidhani kuna msiba. Nilimwambia hakuna, ila nimeona timu iliyowahi kushindwa mara 50. Akanyamaza. “Na waliendelea kucheza, Mama?” “Waliendelea.” Kisha nikamwomba radhi kwa lile “anajiandaa”. Hakunijibu upesi. Baada ya muda aliniuliza kama huko kuna baridi sana, nami nikajua amekubali kuzungumza.

Timu ile, mwaka 2014, ilitwaa ubingwa wa ligi yake, miaka 34 baada ya ushindi ule mmoja. Mwanangu sijui atafika wapi. Hilo liko kwa Mola. Mwaka uliofuata safari yangu aliurudia mtihani. Asubuhi ya karatasi ya kwanza nilimsindikiza hadi lango la shule, na majirani waliponiuliza twaenda wapi, niliwaambia.