Vijana wa Moshi na Kiu ya Safari

Mji wetu wa Moshi umezoea kupokea wageni. Tangu Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro ulipofunguliwa mwaka 1971, watu wa kila taifa wamekuwa wakishuka hapo, wakilala mjini usiku mmoja au miwili, kisha wakielekea mlimani. Wanapoondoka huwaachia vijana wetu swali: ikiwa hawa wamevuka bahari kuja kuuona mlima wetu, sisi tutavuka lini kwenda kuona ya kwao?

Swali hilo tunalisikia mara nyingi barazani baada ya sala ya Isha. Yupo kijana anayetamani kusoma Madina. Yupo binti anayetaka kwenda Uturuki kujifunza udaktari. Na yupo mtoto wa miaka 12 ambaye haombi makubwa. Anataka tu kuiona bahari. Baadhi ya wazazi huziita ndoto hizo utovu wa shukrani, na wengine huzicheka. Sisi tunaona zinastahili kujibiwa kwa uzito, kwa sababu kijana asiyejibiwa nyumbani hujibiwa na dalali.

Tusiwalaumu vijana kwa kiu hii, kwani mji wenyewe ndio unaowalea nayo. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na mwezi Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea baada ya kukosekana kwa miaka mingi. Upande wa mashariki, barabara inapita Himo hadi mpakani Holili, na ng'ambo yake ni Taveta, nchini Kenya. Juu ya yote hayo, atokaye msikitini baada ya Alfajiri hukiona kilele cha Kibo, mita 5,895, kikiwa wazi kabla mawingu hayajakifunika. Kijana anayeamka kila siku chini ya mlima kama huo hawezi kukosa kujiuliza kuna nini upande wa pili.

Wala safari si jambo geni katika ardhi hii. Misafara ya Waswahili kutoka Pangani na Mombasa ilifika Uchagani zamani kufuata pembe za ndovu. Mmisionari Johannes Rebmann, ambaye vitabu humtaja kuwa Mzungu wa kwanza kuripoti theluji ya Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, hakuja peke yake. Aliongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa misafara kutoka pwani, ambaye njia hiyo alikuwa akiijua. Wageni wameandikwa sana. Waliowaonyesha njia hawakumbukwi vya kutosha.

Hata hivyo, si kila mlango unaofunguliwa ni wa kuingia. Siku moja kijana wa miaka 19 alifika mbele ya kamati yetu akiwa na ujumbe katika simu yake. Dalali alikuwa amemwahidi kazi katika nchi ya Ghuba, naye alitaka ada ilipwe haraka na pasipoti ikabidhiwe kwake. Baba yake alikuwa tayari kuuza sehemu ya kihamba, ardhi aliyoachiwa na babu yake na ambayo ndani yake mna makaburi ya wazee wao. Tulimwomba kijana amuulize dalali mambo matatu: mkataba uko wapi, mwajiri ni nani, na ni nani atakayempokea. Dalali aliahidi kujibu kesho yake, kisha simu yake haikupatikana tena. Kihamba kilisalimika. Lakini kijana alilia, na machozi yale hayakuwa ya fedha. Alikuwa ameshawaaga rafiki zake.

Wako waliotuambia kuwa hilo limfunze kutulia nyumbani. Sisi hatukukubali. Dini yetu haikumfungia Muislamu mahali alipozaliwa. Qur'ani Tukufu inatuhimiza kutembea katika ardhi na kutafakari namna Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Inawataja Makureshi na safari zao za kusi na kaskazi, na imempa msafiri aliyeishiwa njiani fungu lake katika Zaka. Mtume (S.A.W.) naye hakuificha taabu ya safari, ambayo humpunguzia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Akaagiza kwamba anayemaliza haja yake aharakishe kurejea kwa watu wake.

Tazameni mfano wa Ibn Battuta. Alitoka Tangier mwaka 1325 akiwa na umri wa miaka 21, nia yake ikiwa ni Hija. Mwaka 1331 alifika pwani yetu, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha akaenda Kilwa. Kilichomfungulia milango ni elimu ya sheria aliyoibeba kichwani, na kwa elimu hiyo akawa kadhi Delhi na Maldives. Lakini yako pia ya kuhuzunisha. Akiwa Damascus alipata habari kwamba baba yake alikuwa amefariki miaka 15 nyuma. Alipokaribia nyumbani akaambiwa kuwa mama yake amechukuliwa na tauni. Dunia aliiona, wazazi hakuwaona tena. Msafiri kijana na ayajue yote mawili kabla hajafunga mzigo.

Kwa kuzingatia hayo, madrasa yetu iliamua kuwaanzishia vijana safari fupi. Tulipanda gari hadi Marangu, tukapita vihamba vya migomba na kahawa na mifereji iliyochimbwa na wazee, kisha tukaingia langoni kulipa kiingilio cha mwenyeji, ambacho ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni. Kwa kufuata Sunna tulimteua amiri wa msafara, naye akawa yuleyule kijana wa miaka 19. Kiongozi wetu wa mlimani, ambaye alianza kazi akiwa mpagazi, aliwazuia vijana waliotaka kukimbia. Aliwaambia kuwa mlima humpokea anayekwenda polepole.

Baada ya takriban saa tatu za mwendo msituni, huku mbega wakituchungulia kutoka juu ya miti, tulifika kituo cha Mandara, karibu mita 2,700. Maji ya udhu yalikuwa baridi kiasi cha kuuma vidole. Amiri wetu akauliza kama inafaa tufupishe sala ya Adhuhuri. Mwalimu akamweleza kuwa masafa ya kufupisha, kwa makadirio ya wanazuoni wengi, ni kilomita 80 na ushei, na kutoka mjini hadi lango la Marangu ni kama nusu yake tu. Tukasali rakaa nne kamili. Vijana walicheka, lakini wakaelewa kwamba safari ina hukumu zake, na asiyezijua huenda akaanza kujiita msafiri kabla ya wakati.

Wazazi wenzetu, tunawasihi msiizime kiu hii. Anzeni na yaliyo karibu: mpelekeni mtoto Tanga akaione bahari, na Kilwa Kisiwani akaone magofu ya Msikiti Mkuu. Mfundisheni lugha na kazi ya mikono. Ikija nafasi ya mbali, usomeni mkataba pamoja naye, mhakikishe kupitia ofisi za serikali kwamba wakala anatambulika, na asiondoke bila radhi na dua zenu. Kijana wetu sasa anajifunza ufundi umeme na Kiarabu. Bado anataka kwenda, na pasipoti yake anaitunza mwenyewe.

Nanyi vijana, wahenga walisema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nendeni mkiwa na elimu, mrejee mkiwa na heri. Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote na awarejeshe salama kwa wazazi wao. Amin.