Hilux ya Marehemu Baba, Milioni Tatu za Kikoba na Injini Iliyogoma Njombe

Kuna watu wakifiwa na baba wanarithi kiwanja. Dada mmoja wa Tabata alirithi Hilux. Ya kebini moja, nyeupe iliyogeuka rangi ya mtindi, injini ya 3L, ile dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo wala kompyuta. Ilikaa chini ya mwembe miaka mitatu, kuku wanataga nyuma ya kiti, kila mgeni akifika anauliza, "Hii mnaiuza lini?"

Hakuuza. Yeye anafanya biashara ya viazi, anasambazia wakaanga chipsi wa Sinza na Mwenge. Kila safari analipa nafasi kwenye lori la mtu, viazi vinachelewa, vingine vinafika vimechomwa na jua. Akapiga hesabu: gari ya baba ikifufuka, mzigo anaufuata mwenyewe Njombe. Akakopa kikoba milioni 3.2, akampigia simu ba' mdogo.

Huyo ba' mdogo si wa damu. Ni rafiki wa marehemu tangu ujana wao, fundi mwenye gereji yake Buguruni, ndiye aliyeishika ile Hilux miaka yote. Ndiye pia aliyekaa na marehemu hospitali usiku wa mwisho. Kumbuka hilo, maana huko mbele ndiko kunakokaba koo.

Ovaholi ikafanyika kweli. Bloku ikapelekwa kuchongwa, zikawekwa pistoni za ovasaizi, ringi mpya, beringi mpya, gasketi mpya. Hedi ikasagwa, valvu na viti vyake vikasagwa. Dada alizungukia maduka ya spea mwenyewe, risiti zote kaziweka kwenye pochi. Siku gari inatoka, ba' mdogo akampa masharti: "Injini mpya haikimbizwi, mwanangu. Iache ingurume palepale kwanza, halafu mwezi mzima utembee nayo pole pole, usiibebeshe kitu." Akatii kama dozi ya hospitali. Siku tatu injini inanguruma uani toka asubuhi mpaka majirani wakaanza kuchukia, kisha mwezi mzima ni sokoni na kanisani, spidi 40.

Na hapo ndo vituko vikaanza. Asubuhi anapiga stata mpaka betri inaomba maji. Ikija kuwaka, moshi mweupe unaochoma macho unajaa uani, unanuka dizeli mbichi. Kwenye foleni ya Ubungo gari inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Ikishachanganya, barabarani inakwenda, ila mlima kidogo tu inaishiwa pumzi.

"Itazoea," ba' mdogo akasema. Haikuzoea.

Hapa ndipo pesa ilipoanza kuvuja kuliko hiyo injini. Akabadilisha betri. Akaambiwa nozo, zikatolewa zikapimwa zikarudishwa. Akaambiwa plagi za kupasha moto, akanunua zote nne. Akaambiwa pampu, ikashushwa, ikapelekwa kupimwa, taimingi yake ikarekebishwa. Fundi mwingine akaja na geji ya kompresheni, akapima silinda ya kwanza peke yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kufikika. Mshale ukaenda kugonga mwisho, 300. "Iko fulu hii," akasema, akachukua elfu hamsini yake. Ile geji ilikuwa ya injini za petroli, inaishia 300. Ni sawa na kumpima mtu urefu kwa rula ya shule halafu useme ana sentimita thelathini.

Jumla ya hayo yote: zaidi ya laki tisa. Kikoba hakijui habari ya nozo, kinataka rejesho lake kila Jumamosi.

Nyumbani nako hali ikawa tete. Mchumba wake, kijana wa benki, mtu wa hesabu, akafunga mjadala mapema. "Huyo mzee kakupiga. Kachukua hela ya ringi orijino kaweka za mtumba. Muite serikali ya mtaa, au uza chuma chakavu tuendelee na maisha." Mama yake akijibu kutokea jikoni: "Huyo mzee ndiye aliyemfumba baba yako macho. Nenda kamshtaki, ukirudi utanikuta sijui nitaishi wapi." Dada katikati. Ukweli usemwe, mchumba hakuwa mjinga. Ukiangalia kwa nje, ilionekana hivyo hivyo.

Julai akaamua kwenda hivyo hivyo, madeni hayasubiri. Kitonga akaipanda kwa gia ya pili, malori yanampita yanampigia honi. Njombe akafika jioni, akapakia gunia tisa, akalala gesti.

Asubuhi ile baridi ya Njombe, ile ya mtu kuongea akatoa mvuke mdomoni, akapiga stata. Moshi mweupe. Akapiga tena. Moshi. Betri mpya ikafa saa moja kasoro. Wabeba mizigo wakasukuma mpaka wakachoka, gunia tisa juu. Akakaa kwenye kingo ya barabara akalia kwa sauti, bila aibu, watu wanapita na majembe yao wanasema "kamwene" kwa upole kama msibani.

Mzee mmoja wa gereji jirani akaja, mikono nyuma. Dada akaamkia shikamoo. Mzee akauliza swali moja tu: "Dar huwa inawaka?" Inawaka kwa tabu. "Basi huku haiwezi. Huku hewa nyepesi, mwanangu. Hiyo inakosa kompresheni."

Twende taratibu hapa. Petroli inawashwa na cheche ya plagi. Dizeli haina cheche. Injini inavuta hewa, inaibana mara zaidi ya ishirini, hewa inapata joto la nyuzi 500 na zaidi, ndipo mafuta yanapulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Hewa ikivuja wakati inabanwa, joto halifiki, mafuta yanageuka ukungu na kutoka nje mabichi. Ule moshi mweupe ndio huo. Maana yake dizeli inafika vizuri tu, kwa hiyo laki tisa za nozo na pampu zilikuwa zinatibu mguu wakati kinachouma ni jino. Na Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa yake ina mkandamizo pungufu kama kwa moja ya tano ukilinganisha na Dar. Injini inayotoa 300 Tabata, Njombe inatoa kama 240. Ongeza baridi. Haiamki.

Mzee akachemsha maji, akamwagia kitambaa kilichozungushiwa manifoldi ya hewa, akaunga betri ya lori, gari ikawaka saa nne. Hakutaka hela nyingi. Akamwambia, "Ukifika Dar tafuta mwenye geji ya dizeli. Apime zote nne. Wala usimgombeze mtu kabla hujaona namba."

Aliyempata ni dogo mmoja aliyesoma VETA, kazi zake nyingi ni jenereta. Kitu cha kwanza alichofanya hakikuhitaji hata spana. Injini inanguruma, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akakiacha juu ya tundu kimelegea. Kifuniko kikacheza kama sufuria ya ugali, hewa inapuliza kutoka ndani. "Dada, ringi zinapitisha." Moyo ukamlipuka. Mchumba alikuwa kasimama pale, akakunja mikono, sura ya si-nilikwambia.

Dogo hakuishia hapo, na hapo ndipo utofauti wake. Injini ikiwa ya moto akatoa plagi zote nne za kupasha moto, akachomoa waya wa soketi inayoruhusu mafuta, akaweka betri iliyojaa, akafunga geji inayofika 1,000 kwenye kila tundu kwa zamu, akapiga stata mpaka mshale uache kupanda. Namba akaziandika kwa chaki kwenye bampa: 305, 300, 190, 310.

3L iliyo nzima inatakiwa ivuke 400. Mpaka wa chini kabisa ni kama 280, na silinda moja isipishane na nyingine zaidi ya 70. Kwa hiyo gari ilikuwa na magonjwa mawili, si moja. Zote ziko chini, halafu ya tatu iko chini peke yake. Ringi za mtumba zingeeleza la kwanza. La pili hapana.

Wengi hapa humwaga oili kidogo kwenye silinda wapime tena, ikipanda wanasema ni ringi. Kwenye petroli sawa. Kwenye dizeli ule uwazi juu ya pistoni ni mdogo mno, oili yenyewe inajaza nafasi na namba inapanda hata kama ringi ni nzima, na ikizidi unapinda kondrodi. Dogo akakodi kompresa. Akaleta kila pistoni juu kabisa, valvu zote zimefunga, akaingiza upepo kupitia tundu la plagi, akasema wote wanyamaze. Yaani gereji nzima, mpaka muuza kahawa.

Ukisikia upepo kwenye tundu la oili, ni ringi. Kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuvutia. Kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Ukiona mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya hedi. Rejeta ilitulia kimya. Silinda zote zilipumulia kwenye oili, si kwa fujo. Ya tatu ikapiga mluzi kwenye bomba la ekzosi, dada akausikia mwenyewe akiwa kachuchumaa nyuma ya gari.

Kifuniko cha valvu kikafunguliwa. Chini ya kamu kuna visahani vya chuma, mafundi wanaviita shimu, vinavyoweka nafasi ndogo kati ya kamu na valvu. Valvu na kiti chake vikisagwa, valvu inapanda juu kidogo, ile nafasi inapungua, kwa hiyo unatakiwa upime upya na uweke shimu nyembamba zaidi. Shimu zilikuwa zilezile za zamani. Kwenye ekzosi ya silinda ya tatu hata wembe haupiti. Valvu ilikuwa inashikiliwa wazi muda wote, ndiyo maana gari ikatetemeka foleni, na ingeendelea miezi michache ingeungua.

Shimu nne, kazi ya nusu siku. Ya tatu ikapanda hadi 295.

Ringi je? Dogo akauliza injini iliraniwa vipi. Alipoambiwa siku tatu za kunguruma palepale na mwezi wa spidi 40 bila mzigo, akacheka kidogo, akajizuia. Ringi mpya hukaa kwa kusukumwa na nguvu ya moto dhidi ya ukuta wa silinda, na nguvu hiyo inakuja gari ikibeba. Dizeli ukiibembeleza hivyo, ukuta unang'aa kama kioo na ringi zinateleza tu. "Ila sijui imefika wapi," akasema. "Kuna njia mbili. Tufungue tena tukwangue silinda, mnatoa milioni nyingine. Au uipe mzigo, kilomita 2,000, bila kuitesa na bila kuibembeleza, tupime. Siahidi."

Zile risiti zikatoka kwenye pochi. Ringi zilikuwa ndizo. Mchumba akaziangalia moja moja, akazirudisha, akasema anakwenda kununua maji.

Dada akaenda Buguruni peke yake. Alijiandalia maneno njiani, alipofika yakamkimbia. Akamwambia tu, "Ba' mdogo, shimu hazikubadilishwa." Mzee akanyamaza muda mrefu, anafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi. "Duka lilikuwa na saizi mbili tu siku ile. Nikasema nitazitafuta. Wewe ulikuwa unanipigia kila saa, viazi, viazi. Nikafunga." Hakukana. Kuhusu kunguruma palepale alishangaa kweli kweli, ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, huyo kijana analipwa shilingi ngapi kwa kupima hivyo.

Safari ya pili Njombe ilikuwa gunia nane. Kitonga akaipanda kwa gia ya tatu sehemu ndefu. Asubuhi iliwaka kwa kupigiwa stata mara mbili, moshi upo ila unakata. Ya tatu akarudi nayo na mama yake, aliyetaka tu kuona huko marehemu mumewe alikokuwa anakwenda na gari hiyo.

Baada ya kilomita 2,000 na ushee chaki ikaandika tena kwenye bampa: 350, 345, 330, 355. Si 400. Dogo akasema watapima tena kwenye 5,000, ikigoma hapo wataongea habari ya kufungua. Ba' mdogo alikuwepo siku hiyo, kavaa miwani, ndiye aliyeshika geji.