Jina Lipo, Mashine Inasema Halipo

"Mama, jina la kijana wako halipo."

Nilimwambia hivyo mara tatu, siku ya Jumanne, mbele ya foleni nzima. Hakubishana sana. Alisema tu, "Mwanangu, wewe mwenyewe uliliandika. Nilikuwa nimesimama hapa hapa." Akarudi kwao kwa mguu, na jua la saa saba la Rhino Camp mnalijua.

Tulikuwa tunaandikisha vijana wa mafunzo ya useremala na cherehani. Nafasi zinafungwa Ijumaa. Orodha ilikaa ndani ya programu ndogo aliyotutengenezea rafiki mmoja kabla hajahamia Kampala. Alituachia msimbo wote, mafaili karibu arobaini, na neno moja: mtaelewa tu.

Jumatano nikapanda gari mpaka Arua, upande wa Ayivu, kwa kijana mmoja anayejua kompyuta kunizidi. Tulitaka sehemu moja tu: pale programu inapotafuta jina. Kusoma mafaili arobaini ni kazi ya wiki, kwa hiyo tukatumia ctags. Hii inapita kwenye mafaili yote na kuandika faharasa: jina la kila kipande cha msimbo, faili kilimo, na namna ya kukifikia. Ni chombo cha zamani. Darren Hiebert alitoa Exuberant Ctags mwaka 1996, toleo lake la mwisho likatoka 2009, kisha watu wa kujitolea wakaendeleza kazi kwa jina la Universal Ctags. Watu wanawaletea hitilafu, wao wanarekebisha, na sisi wa Arua tunatumia bila kulipa hata shilingi.

Tukafungua Vim, tukaomba kipande kile. Jibu: hakipo. Na kwenye faharasa tulikuwa tunakiona kwa macho!

Tuliumia kichwa mpaka jioni. Kumbe mwenzangu alikuwa ameongeza mistari kwa mkono, mwishoni kabisa. Juu ya faharasa kuna mstari unaosema "hii imepangwa", na Vim inauamini. Haisomi kutoka mwanzo. Inafungua katikati, inaangalia kama jina liko kabla au baada, inatupa nusu, inaendelea hivyo. Ni haraka sana, lakini kitu kikikaa mahali pasipo pake, inakipita. Tulipoiambia isome mstari kwa mstari, ikakipata palepale.

Hapo nikanyamaza. Nikamkumbuka yule mama.

Programu yetu ilikuwa inatafuta vilevile, katikati kwanza. Orodha tuliipanga sisi kwa jedwali, na jedwali halijali herufi kubwa au ndogo. Kompyuta yenyewe inajali: kwake "A" ni 65 na "a" ni 97, kwa hiyo herufi kubwa zote zinatangulia ndogo zote. Ukiandika "amina", jedwali linamweka karibu na Abdu, lakini programu inakwenda kumtafuta baada ya Zuberi. Mbaya zaidi, "amina" akiangukia katikati ya utafutaji, anaweza kumpoteza hata Asha aliyeandikwa vizuri. Ndiyo maana wengine walipatikana na wengine hapana, tukadhani wanadanganya.

Na aliyeandika kwa herufi ndogo ni mimi. Siku ile nilikuwa na haraka.

Marekebisho yalikuwa mistari miwili: geuza majina yote kuwa herufi ndogo wakati wa kulinganisha, halafu panga upya kabla ya kutafuta. Tukapata majina saba yaliyokuwa yamepotea.

Alhamisi niliwatafuta wote saba nyumba kwa nyumba. Wawili walikuwa wameshavuka kurudi Sudan Kusini kuangalia shamba. Yule mama nilimkuta anapepeta mtama. Nilianza kumweleza habari ya herufi kubwa na ndogo, akanikatiza: "Kwa hiyo lipo?"

"Lipo, mama. Samahani."

"Basi niitie huyo kijana, yuko kisimani."